Hivi onyo la tsunami likitolewa saa nane usiku, mtu wa pwani asiye na simu analipataje?

Kichwa Maji #1
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua tangu lile tetemeko la Kamchatka kule Urusi, Julai 2025, la ukubwa wa 8.8. Nchi zilizozunguka Pasifiki karibu zote zikapiga kelele, Japani peke yake watu kama milioni 2 wakaambiwa wahamie sehemu za juu, afu wimbi lilipofika kwao likawa mita moja na kitu. Sawa, bora kukimbia bure. Ila nikajiuliza, hawa milioni 2 waliambiwaje? Nani alishika kipaza sauti? Mi naona mashine sio tatizo, mashine inajua ndani ya dakika chache. Tatizo ni pale habari inapotoka ofisini kwenda kwenye sikio la mtu aliyelala. Afu naskia kuna ofisi moja Hawaii ndo inatoa amri dunia nzima watu wahame, ni kweli?

Siti ya Mbele #2
Nimeshakaa. Waje wataalamu.

Mizani #3
Mkuu #1, hapo mwisho umechanganya. Kituo cha Hawaii kinaitwa PTWC, kinachunguza Pasifiki na kinatuma taarifa kwa nchi, lakini hakina mamlaka ya kumwambia mtu wa nchi nyingine ahame. Kila nchi ina kituo chake cha taifa. Kwa Bahari ya Hindi ilikuwa hakuna kitu kabisa mpaka ile tsunami kubwa ya Desemba 2004, baada ya hapo ndo UNESCO wakasimamia mfumo wake, na nchi tatu zinahudumia wenzao: Australia, India na Indonesia. Wao wanasema tetemeko liko hapa, wimbi litafika kwenu saa fulani, urefu unakadiriwa hivi. Kituo cha taifa kinapokea na kuamua kiwango cha hatari. Kinapeleka kwa idara ya maafa, idara inapeleka mkoani, mkoa mjini, mji ndo unawasha king'ora. Hesabu mwenyewe ni mikono mingapi hapo.

Bibi Chenza #4
Mikono mitano, na kila mkono una bosi wake amelala.

Baharia Mstaafu #5
Habari zenu vijana. Mimi nimekaa baharini miaka mingi, nawaambia kitu kimoja, tsunami ikipita chini ya meli kwenye maji marefu huijui. Haifiki hata mita moja kwenda juu, ila inakimbia kama ndege, kilomita 700 kwa saa kwenye kina cha mita 4000. Inajifanya mpole mpaka ikaribie nchi kavu, ndo inapunguza mwendo na kunyanyuka. Kwa hiyo hata onyo la meli ni kinyume na lenu, nyie mnaambiwa pandeni mlimani, sisi tukiwa na muda wa kutosha tunaambiwa tokeni bandarini mwende kwenye kina. Tulikuwa na mashine ndogo inachapa maonyo kwenye karatasi, ikianza kulia tiriri tiriri hata ukiwa chooni unatoka. Siku moja ililia tukiwa tumefunga kamba bandarini, nahodha yuko mjini...

Mtoto wa Mjini #6
Mzee kaanza, tutalala hapa hapa.

Dada wa Mnara #7
Nimefanya kazi kampuni ya simu miaka tisa, naomba niseme la upande wangu. Watu wanadhani onyo linakuja kama meseji ya kawaida. Meseji ya kawaida ni barua, kila mmoja yake. Ukitaka kutumia watu laki tano mtandao unapanga foleni, na siku ya tetemeko kila mtu anapiga simu nyumbani kwa hiyo foleni inakuwa haina mwisho. Tulishawahi kutumiwa tangazo la dharura na ofisi moja ya serikali, la mafuriko sio tsunami, tukalisambaza kwa meseji na wengine wakalipata KESHO YAKE asubuhi. Maji yameshakauka. Mteja mmoja alinipigia ananiuliza dada nihame leo au nilitakiwa nihame jana.
Sasa kuna njia nyingine, mnara unatangaza kama redio. Hautafuti namba ya mtu, simu yoyote iliyo chini ya huo mnara inapokea kwa mpigo, hata ya mgeni wa jana, na inalia mlio wake wa kutisha hata kama ulizima sauti. Hauna foleni. Japani, Marekani, Chile na New Zealand wote wanatumia hiyo.

Kichwa Maji #8
Ahsante dada. Kwa hiyo hiyo ya mnara ndo jibu?

Pangu Pakavu #9
Ndo jibu mpaka mnara uanguke 😂 Nendeni mkasome Palu, Indonesia, 28 Septemba 2018. Tetemeko la 7.5 saa kumi na mbili jioni, kituo chao cha BMKG kikatoa onyo ndani ya dakika tano, mashine imefanya kazi yake safi. Lakini umeme umekata, minara imezima, na ufukweni watu wamejaa wanajiandaa na tamasha. Onyo lipo, halina pa kupita. Na wakalifuta kabla wimbi halijafika!!

Mizani #10
#9 hapo mwisho rekebisha. Wimbi la Palu lilifika ndani ya dakika chache tu, maana ardhi iliporomoka chini ya maji humo humo kwenye ghuba. Onyo waliliondoa baada ya nusu saa na ushee, na BMKG wenyewe walisema wakati huo mawimbi yalikuwa yameshapiga. Kelele zikawa nyingi kwasababu video zilisambaa siku hiyo hiyo na watu wakaunganisha wanavyojua. Shida ya Palu ni kwamba hata lingefika kila simu, dakika tano za kutoa onyo tayari ni nyingi kuliko muda waliokuwa nao.

Pangu Pakavu #11
Haya nimekubali nusu.

Sakura wa Zamani #12
Mi nilisoma Japani, wacha niwaambie maana wale jamaa wamefika mbali na bado waliumia. Kila mtaa wa pwani una vipaza sauti kwenye nguzo, saa kumi na moja jioni vinapiga muziki kila siku, wageni tulidhani ni kwa ajili ya watoto warudi nyumbani kumbe ni kujua kama vipaza bado vinafanya kazi. Onyo lao lina ngazi tatu kutegemea urefu wa wimbi: la chini kabisa mpaka mita 1, la katikati mpaka 3, kubwa kuanzia hapo kwenda juu. Na la kwanza wanalitoa ndani ya dakika tatu.

Sasa tarehe 11 Machi 2011 hizo dakika tatu ndo zikawaponza. Hesabu ya haraka ikasema tetemeko ni 7.9, wakati kweli lilikuwa 9.0. Wakatangaza mita 6 kwa mkoa wa Miyagi, mita 3 kwa mikoa ya Iwate na Fukushima. Mtu ana ukuta wa bahari mrefu kuliko mita 3 mbele ya nyumba yake, anasikia mita 3, anafanyaje? Anakaa. Baadae wakapandisha mpaka zaidi ya mita 10 lakini umeme ulishakata sehemu nyingi, wengi walibaki na ile namba ya kwanza kichwani. Kuanzia 2013 wakabadilisha, tetemeko likizidi 8 onyo la kwanza halitaji mita, linasema tu KUBWA MNO. Yani walipunguza taarifa ili watu waelewe zaidi, mi hiyo inanishangaza mpaka leo.

Kalamu Kavu #13
Na lugha pia. Kabla ya 2011 watangazaji wao walikuwa wanasoma onyo kwa upole, sauti ile ile ya utabiri wa mvua. Siku hiyo hiyo ya 2011 mji mmoja unaitwa Oarai haukuwaomba watu, vipaza sauti vikatoa amri kavu: hameni. Hawakusema mnashauriwa. Baadae NHK, shirika lao la utangazaji la taifa, nao wakabadilika, tetemeko la Noto tarehe 1 Januari 2024 yule mtangazaji alikuwa anapiga ukelele kwelikweli, kimbieni sasa hivi, msigeuke nyuma. Watu wengine walimlalamikia eti anatisha watoto.

Mtoto wa Mjini #14
Sasa chukua Kiswahili cha matangazo. "Ndugu wananchi, mnaombwa kuzingatia maelekezo yatakayotolewa na mamlaka husika kwa kadri itakavyolazimu." Akifika kwenye "husika" maji yako kiunoni.

Bibi Chenza #15
🤣🤣 "kwa kadri itakavyolazimu" nimecheka mpaka mjukuu kaamka

Siti ya Mbele #16
Ila kweli, tunasema onyo au tahadhari? Mi naona watu wanachanganya. Tahadhari unachukua, onyo unapewa. Ukimwambia mtu "tahadhari imetolewa" hajui kama aondoke au avae koti.

Mizani #17
Marekani wana maneno manne kwa ngazi tofauti, mojawapo maana yake kaa mkao wa kusubiri, mojawapo toka majini tu, mojawapo ondoka pwani, na la mwisho ni taarifa tu usihangaike. Wenye lugha yao wenyewe wanayachanganya kila mara.

Mpanda Mlima #18
King'ora kina shida hiyo hiyo na hakina hata neno. Mji unaoitwa Hilo, kisiwa cha Hawaii, Mei 1960. Tetemeko la Chile lile kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Onyo lilikuwepo masaa mengi kabla. Ving'ora vikalia saa mbili unusu usiku, wimbi kubwa lilikuja saa saba usiku, masaa manne na ushee! Wakafa watu 61. Kwanini? Mfumo wa ving'ora ulikuwa umebadilishwa muda mfupi kabla, zamani vilikuwa vinalia awamu tatu, sasa ni mara moja tu. Wengine walisikia wakakaa wanasubiri cha pili. Wengine walisikia wakashuka ufukweni kuangalia.

Kichwa Maji #19
Kushuka kuangalia?? Hawa watu wana nini

Mpanda Mlima #20
Usicheke, San Francisco Desemba 2024 simu zimelia, onyo kali kabisa baada ya tetemeko la 7.0, na kuna watu walienda ufukweni na simu mkononi warekodi. Lilifutwa kama saa moja baadae, hapakuwa na wimbi la maana.

Pangu Pakavu #21
Na hapo ndo kwenye ugonjwa wenyewe. Mara tatu unanikimbiza bure, ya nne silali nje mimi. Chile Januari 2021, tetemeko limetokea huko Antaktika, ujumbe wa kuhama pwani ulikuwa wa kituo chao cha huko kwenye barafu, kuna mtu kakosea, ukaenda kwenye simu za nchi nzima. Nchi NZIMA. Mpaka wanaokaa milimani wameambiwa wakimbie bahari. Serikali ikaomba radhi usiku ule ule. Baada ya hapo unadhani simu ikilia mtu anaruka?

Dada wa Mnara #22
Ile nakumbuka tuliijadili kazini mpaka chakula kikapoa. Kinachouma sio mashine, ni ile skrini ya kuchagua eneo, mtu ana mashaka, mkono unatetemeka, anachagua ramani yote. Tuliwahi kufanya zoezi kwetu na mwenzangu akakosea kidogo tu, bahati nzuri ilikuwa mazoezi.

Sakura wa Zamani #23
#21 sikubaliani na hiyo ya "ya nne silali nje". Wajapani wanakimbizwa bure kila mwaka na bado wanakimbia. Chile hiyo hiyo, Septemba 2015, tetemeko la 8.3, watu milioni moja wakaondoka pwani usiku, waliokufa ni 15. Linganisha na tsunami yao ya 2010, walipokufa mamia. Wanaochoka sio kwasababu ya onyo kuwa bure, ni kwasababu hakuna aliyewaeleza kwanini lilikuwa bure. Ukiniambia wimbi lilikuja ila dogo, nitakuelewa. Ukinyamaza nitakuona mwongo.

Pangu Pakavu #24
Wajapani sio kipimo cha binadamu wa kawaida bana.

Kimya Kingi #25
Mimi ni kiziwi, nasoma uzi huu toka mwanzo naona sauti, sauti, king'ora, mtangazaji, kengele. Sisi je? Sababu moja ya Japani kuanza kutumia bendera ya tsunami mwaka 2020 ilikuwa watu kama mimi, miraba miwili myekundu na miwili myeupe, waokoaji wanaipeperusha ufukweni. Hata anayesikia akiwa ndani ya maji na upepo hasikii king'ora, kwa hiyo imetusaidia wote. Nilipokuwa chuo wenzangu wa bwenini walikuwa na utaratibu wao wenyewe, kukitokea lolote anakuja mtu kunitikisa kitanda. Siku ya zoezi la moto yule mtu alikuwa ameenda kwao. Nilitoka asubuhi nikakuta karatasi mlangoni "hongereni kwa kushiriki".

Bibi Chenza #26
Pole mwanangu. Hiyo karatasi ningeichana.

Siti ya Mbele #27
#25 hoja nzito sana.

Mzamiaji #28
Mi naona mnazunguka sana. Mfumo bora kuliko yote haukuwa na umeme. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la 2004. Mwaka 1907 walipigwa na tsunami wakapoteza wengi, wakaanza kuimbia watoto habari za "smong", ndo jina lao. Ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, usiulize, mlimani. 2004 kisiwa cha watu kama elfu 78 walikufa saba. SABA. Na Aceh pale jirani walikufa zaidi ya laki moja. Hakuna mnara, hakuna kitufe, hakuna bosi aliyelala. Neno moja tu mtu anapiga ukelele mtaa mzima unahama.

Kalamu Kavu #29
New Zealand nao wana mtindo kama huo, wana kamsemo kenye vina, tetemeko refu au kali, ondoka, usisubiri king'ora. Na wala nchi nzima hawana mlio mmoja wa king'ora, unatofautiana sehemu na sehemu.

Mizani #30
#28 hadithi ni ya kweli na ni nzuri, lakini inafanya kazi kama umetikiswa. Somalia 2004, masaa saba baada ya tetemeko, nani alitikisika? Hakuna. Walikufa karibu 300, na masaa saba ni muda wa kutembea kwa miguu mpaka kilimani ukarudi kuchukua godoro. Wale wa Hawaii kituoni walikuwa wanajua kuna tetemeko ndani ya robo saa, hawakuwa na namba ya kumpigia. Halafu visiwa vya Mentawai, Indonesia, Oktoba 2010, tetemeko lilikuwa la polepole, wengi wakaona dogo wakarudi kulala, wakafa zaidi ya 400. Na volkano ya Anak Krakatau, Indonesia hiyo hiyo, Desemba 2018 hakuna tetemeko kabisa, ni upande wa volkano umeanguka baharini saa tatu usiku, bendi iko jukwaani inapiga. BMKG wenyewe mwanzoni wakasema ni maji kujaa tu. Huyo wa smong angefanyaje?

Mzamiaji #31
Angeona bahari imerudi nyuma.

Mizani #32
Saa tatu usiku gizani? Na sio kila mara inarudi nyuma kwanza, inategemea upande gani wa wimbi unatangulia.

Mzamiaji #33
Haya bwana profesa.

Mtoto wa Mjini #34
Vipi wanyama? Naskia tembo walijua mapema 2004

Pangu Pakavu #35
Tembo hawako kwenye orodha ya idara ya maafa mkuu.

Kalamu Kavu #36
Kabla mtu hajafunga uzi na tembo, kuna ile ya 1854 Japani, Hamaguchi Goryo aliwasha moto mabunda ya mpunga kilimani usiku ili wanakijiji waliochanganyikiwa gizani waone pa kupandia. UN wameiwekea mpaka siku, tarehe 5 Novemba. Samoa 2009 waligonga kengele za makanisa. Kisiwa cha Robinson Crusoe, Chile 2010, binti wa miaka 12 alikimbia kugonga kengele ya kijiji, wakati huko bara wakubwa bado wanabishana kama kuna tsunami au hakuna.

Dada wa Mnara #37
Na msisahau waya. Tonga Januari 2022, mlipuko wa volkano ukakata waya wa baharini, walikuwa nao mmoja tu wa kwenda nje, wakakaa wiki tano bila intaneti ya maana. Ndani kwao redio na watu ndo vilisaidia. Kwa hiyo mkiniuliza mi wa mitambo nitawaambia weka vyote, mnara, redio, king'ora, bendera, kengele, na mtu wa kumtikisa #25.

Kichwa Maji #38
Nashukuru wote, ila bado swali langu la saa nane usiku. NANI anabonyeza?

Mizani #39
Kuna afisa wa zamu, vituo vya taifa vinafanya kazi masaa 24. Tofauti ni anaruhusiwa kufika wapi. Japani onyo likitoka linaenda lenyewe mpaka kwenye vipaza sauti kwa setilaiti. Chile Februari 2010, saa tisa na nusu usiku, ilikuwa simu na faksi kati ya jeshi la maji na idara ya maafa, huyu anasema lipo yule anasikia halipo, onyo likafutwa, Rais akaambiwa hakuna, wimbi likaja. Walifukuzana kazi na kesi ikaenda miaka.

Pangu Pakavu #40
Ndo maana nasema mashine iachiwe ibonyeze yenyewe.

Sakura wa Zamani #41
Mashine ndo ilisema mita 3.

Mpanda Mlima #42
Na nani anasema imeisha? Crescent City, California, 1964, mawimbi ya kwanza madogo yakapita, watu wakarudi mjini kusafisha maduka, la nne ndo lilikuwa kubwa kuliko yote. Kuruhusu watu warudi ni kazi ngumu kuliko kuwatoa, na kwenye uzi huu hakuna aliyeigusa.

Kichwa Maji #43
Aisee hilo sikuwahi kulifikiria kabisa. Nafungua uzi mwingine?

Bibi Chenza #44
Usifungue, malizeni huu. Baharia, nahodha alirudi?

Baharia Mstaafu #45
Nilidhani mmenisahau. Hakurudi. Msaidizi wake akaamuru tukate kamba kwa shoka tutoke, tumekaa nje kwenye kina usiku kucha tunaangalia taa za bandari. Wimbi lilikuwa la sentimita ishirini. Nahodha tulimkuta asubuhi amekaa juu ya mzigo wake gatini, akaniuliza kamba zake mpya ziko wapi.